Uzi: Pijo 404 ya 1967 imeanza kutembea. Kazi za mwisho na mizunguko ya kwanza, Kinyerezi mpaka Kisarawe

MLETA UZI

Habari zenu wakuu.

Gari ni Peugeot 404 saluni, modeli ya 1967, usukani kulia, injini ya cc 1618, gia ya kwenye usukani, breki za drum miguu yote minne. Ilikuwa ya baba mdogo. Ilikaa chini ya mwembe Kinyerezi mpaka sakafu ya upande wa dereva ikaoza. Bodi tumeshaimaliza, injini imefumuliwa na kuundwa upya hapo hapo uani, na sasa ina matairi chini na namba nyuma. Uzi huu unahusu kipande ambacho wengi wanakiruka: tangu rangi inapokauka hadi pale unapoweza kuiwasha asubuhi na kwenda nayo safari ukiwa na amani.

Msimamo wangu niuweke mapema. Gari ya zamani haiishii kwa fundi rangi. Inamaliziwa barabarani, tena kwa mpangilio. Kwanza ithibitike kwamba inasimama, halafu kwamba haichemshi, ndipo uulize kama inakimbia. Hapa Dar nimeona gari nzuri sana, zinang'aa, zimekula mamilioni, zimerudi kulala uani kwa sababu mwenyewe alitoka nayo moja kwa moja kwenda kubeba maharusi, ikachemka kwenye foleni, hedi (kifuniko cha juu cha injini) ikapinda, akakata tamaa. Inauma, maana hizo gari zilikuwa nzima. Ziliharakishwa tu.

Rangi nitaipitia haraka. Ni nyeupe inayoelekea krimu, kama ilivyotoka kiwandani. Kitu kimoja tu kwa wanaopulizia nyumbani: unyevu wa mji huu ni adui. Ukipuliza alfajiri, au mvua ikiwa inanukia, rangi inaota ukungu mweupe na utaikwangua yote. Sisi tulikuwa tunasubiri jua lishike, kuanzia saa nne asubuhi, na tukimwaga maji chini kuzuia vumbi tunayaacha yakauke kwanza. Baada ya wiki kadhaa za kukauka tukapiga msasa wa maji, namba 1500 kisha 2000, ndipo kampaundi kwa mkono. Mashine ya polishi kwenye kingo za milango hapana, inakula rangi mpaka praima.

Chini ya rangi ndiko nilikoweka moyo. Upepo wa bahari una chumvi, na chumvi hailali. 404 inaoza kwenye sakafu, kwenye boksi za chini ya milango na kwenye shimo la tairi la akiba. Kwa hiyo kila boksi tumeimwagia ndani mafuta mazito ya kuzuia kutu kwa bomba refu lenye matundu pembeni, na vile vitobo vya kutolea maji chini ya milango tumevizibua kimoja kimoja kwa waya. Mafundi bodi wengi wanavijaza puti kwa sababu vinaonekana kama kasoro. Wakuu, hivyo vitobo ndiyo uhai wa mlango. Ukiviziba, mvua ya masika inabaki ndani na mwaka ukiisha mlango umeoza kuanzia chini.

Raba za milango na vioo tulizifunga mwisho kabisa, kisha mtu akakaa ndani na tochi huku mwingine akimwagia bodi maji ya mpira kuanzia juu. Kioo cha mbele kilivuja kwenye kona. Tulikitoa na kukirudisha kabla ya kuweka kapeti, ndiyo maana kapeti ilisubiri.

Nitaendelea na kuwasha injini.

MDAU, TEMEKE

Hongera sana mkuu, kazi imeonekana. Swali la kwanza: kwa nini 404 wakati 504 ndiyo ilijaa mjini na spea zake bado unaweza kuzikuta? Pili, spea umetoa wapi?

MLETA UZI

Ahsante mkuu.

Kwa nini 404? Kwanza ndiyo iliyokuwepo nyumbani, siwezi kuiacha ioze nikatafute nyingine. Lakini kuna sababu kubwa zaidi na vijana wengi hawaijui. Hii gari ina historia na nchi hii. Mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki, yaliyoanza 1953, 404 iliyashinda mara nne: 1963, 1966, 1967 na 1968. Ule ushindi wa 1966 na wa 1967 ulichukuliwa na Bert Shankland na Chris Rothwell, na Shankland alikuwa mkazi wa hapa Tanzania. Na msidhani yalikuwa mashindano ya kupokezana vikombe. Mwaka 1963 magari yaliyofika mwisho yalikuwa 7 tu, na 1968 yakafika 7 tena, na mara zote mbili Pijo ndiyo ilikuwa mbele. Sasa gari yangu ni ya mwaka ule ule wa 1967. Siyo ya mashindano, zile za 1966 na 1967 zilikuwa na injini za kuingiza mafuta kwa pampu na hii ina kabureta, lakini chuma ni kile kile. Kuona gari kama hii inakatwa kuuzwa vyuma chakavu kwa kilo kunanikera kabisa.

Spea: vitu vya jumla, yaani bolti, bomba za mpira, nyaya, rilei, mafuta, vyote nimepata Gerezani na Ilala Shauri Moyo. Bushi za miguu tumechonga kwa fundi mashine. Slivu (mirija ambamo pistoni zinapanda na kushuka), pistoni, ringi na gasketi ya hedi nimeagiza Ufaransa. Kwenye hivyo vinne sikutaka kubahatisha.

MDAU, TABATA

Tupe habari ya kuwasha mkuu. Hapo ndipo wengi tunakwama. Pijo ya mzee wangu ilikuwa inapiga kwenye kabureta tu, haiwaki, mafundi wakabadilisha kila kitu.

MLETA UZI

Mkuu wa Tabata, nina hisia najua tatizo la Pijo ya mzee lilikuwa wapi. Kwenye injini hizi silinda namba moja haiko mbele upande wa rejeta kama Toyota. Iko nyuma, upande wa flaiwili. Mpangilio wa kuwaka ni 1-3-4-2, lakini fundi asiyejua akianza kuhesabu kutoka mbele, nyaya zote za plagi zinakaa kinyume. Moto unakuja wakati valvu ya kuingiza iko wazi, ndiyo hayo mapigo kwenye kabureta. Hata kupima tapeti, yaani nafasi za valvu, kunaharibika ukianza na silinda siyo. Andikeni ukutani gereji: Pijo ya zamani, moja iko nyuma.

Kabla ya kuwasha tulitoa plagi zote, tukajaza oili, na tukaizungusha injini kwa hendeli. 404 ina tundu lake la hendeli mbele, na ni zawadi kubwa kwa mtu anayejenga injini mwenyewe. Unasikia kwa mkono wako kama kuna kitu kinakwaruza. Tulizungusha mpaka oili ikaonekana inapanda juu kwenye roka, vile vyuma vinavyosukuma valvu. Pointi za distribyuta milimita 0.4, plagi milimita 0.6, tapeti 0.10 kwa valvu za kuingiza na 0.25 kwa za kutolea, injini ikiwa baridi kabisa. Nilifunga geji ya presha ya oili ya muda, maana kitaa cha dashibodi kinasubiri mambo yaharibike ndipo kiseme.

Ilipowaka hatukuiacha ikalala kwenye sailensa, yaani ikinguruma bila kukanyagiwa mafuta. Injini mpya ikinguruma taratibu muda mrefu, ringi hazikai vizuri kwenye slivu. Tuliishikilia juu kidogo, sauti ya kati, huku mmoja akiangalia geji, mmoja rejeta, mmoja chini kwenye matone.

Halafu kuna jambo la slivu. Injini hii ina slivu za maji, yaani maji yanagusa ukuta wa nje wa slivu moja kwa moja, na chini zinazuiwa na pete. Pete isipokaa, maji yanashuka kwenye sampo, beseni la oili chini ya injini. Kwa hiyo baada ya joto la kwanza tuliiacha ipoe usiku kucha, asubuhi tukachomoa kijiti cha oili kabla ya kufanya kitu kingine chochote. Ukiona oili ina rangi ya chai ya maziwa, usiwashe tena, fungua. Yetu ilikuwa safi. Hapo tukakaza upya bolti za hedi, injini ikiwa baridi, kwa spana ya kipimo na kwa mpangilio wa kutoka katikati kwenda nje. Hedi ni ya aluminiamu na bloku ni chuma, joto linavitanua tofauti, gasketi inakaa upya. Kazi hiyo ikirukwa, gasketi itaungua mbele ya safari.

MDAU, MBAGALA

Mimi ni fundi. Hizo 404 zilikuwa na feni ya ajabu ya sumaku. Wengi tulikuwa tunaipiga bolti izunguke muda wote. Wewe umefanyaje?

MLETA UZI

Fundi, karibu sana, nimefurahi umeingia.

Wasioijua: feni ya 404 haizunguki muda wote. Ina klachi ya sumaku ya umeme. Maji yakipata moto, swichi iliyo kwenye njia ya maji inapeleka umeme kupitia kaboni, sumaku inashika, feni inazunguka. Maji yakipoa inaachia. Mwaka 1960 gari ilipotoka, huo ulikuwa ubunifu wa hali ya juu. Inapunguza kelele na inaokoa nguvu.

Kuipiga bolti hakuna ubaya kwa dharura, na najua ndiyo iliyowaokoa madereva wengi kaboni zilipokwisha. Mimi nimeirudisha ifanye kazi yake: kaboni mpya, uso wa shaba umepigwa msasa laini, nafasi ya sumaku imepimwa pande zote tatu ilingane. Nimeongeza taa ndogo ya kijani chini ya dashibodi inayowaka sumaku ikishika, ili nijue ninapokuwa kwenye foleni kama feni inafanya kazi. Na zile bolti za kuifunga ziko kwenye buti, ndani ya kifuko.

Kuhusu maji. Wakuu, visima vingi vya Dar vina chumvi. Ukiweka maji ya kisima kwenye injini yenye hedi ya aluminiamu unaitafuna kwa ndani bila kuona. Tumia maji ya betri pamoja na kulanti (dawa ya rejeta). Inagharimu kidogo sana ukilinganisha na hedi. Rejeta ilipelekwa kwa fundi akaifungua juu na chini, akapitisha fito kwenye mirija. Kuisafisha kwa mpira wa maji peke yake kusingetosha, mirija ilikuwa imeziba na tope la miaka.

MZEE, UKONGA

Kijana wangu, nimesoma yote. Niliendesha 404 ya teksi hapa mjini, na baadaye pikapu yake. Una jambo moja hujaligusa, nalo ni difu, zile gia za ekseli ya nyuma. Umeweka oili gani?

MLETA UZI

Shikamoo mzee wangu.

Nashukuru umeuliza, maana nilikuwa naliendea. Difu ya 404 si kama ya gari nyingine. Ndani yake kuna skrubu ya chuma inayosukuma gurudumu la bronzi, siyo ile pinioni na krauni tulizozoea. Oili nyingi za difu za kisasa zina salfa inayosaidia meno ya chuma, lakini inakula bronzi. Kiwandani walitaka oili yenye asili ya mbarika. Mimi nimetafuta oili iliyoandikwa wazi kwamba ni salama kwa bronzi, nikamwaga ya zamani ikiwa na joto ili itoke yote. Giaboksi nayo inatumia oili ya injini, siyo oili nzito ya gia. Ukiiwekea nzito gia zinakuwa ngumu asubuhi, watu wanadhani klachi imekufa.

MZEE, UKONGA

Marahaba. Hapo umenifurahisha. Sisi tuliambiwa na tajiri, oili ya difu usinunue bila yeye kuona kopo. Sasa ukitoka nayo barabarani mara ya kwanza, zima redio, fungua vioo, na usiende na watu wanaopenda kuongea. Difu ya Pijo ikiwa nzima haina sauti kabisa. Ikianza kuimba ukiachia mafuta, simama. Na grisi, kijana. Ina nipo (vichuchu vya kuingizia grisi) nyingi kule chini kuliko gari za siku hizi. Usizionee uvivu.

MLETA UZI

Nimepokea mzee. Nipo zote tumezipitia na orodha nimebandika ndani ya mlango wa stoo.

Sasa breki, maana bila hizo gari haikutoka getini.

Miguu yote ni drum. Masta silinda na wili silinda vimepewa raba mpya, bomba za chuma zilizopita chini ya sakafu zimebadilishwa zote, hata zilizoonekana nzima, kwa sababu kutu ya bomba inaanzia kwenye vishikizo usikoona. Mafuta ya breki yanavuta unyevu wa hewa, na kwa hewa yetu hii kopo lililofunguliwa na kukaa kabatini halifai tena. Nunua jipya lililofungwa. Tulitoa hewa kuanzia mguu ulio mbali zaidi na masta silinda, tukamalizia ulio karibu.

Shuu mpya hazishiki drum sawasawa siku ya kwanza. Zinagusa sehemu chache tu mpaka zilainike. Kwa hiyo mzunguko wa kwanza kabisa ulikuwa barabara ya vumbi nyuma ya nyumba, Jumapili asubuhi watoto wengi wakiwa kanisani, gia ya kwanza na ya pili tu. Unaenda kilomita 20 kwa saa, unakanyaga polepole, inasimama. Tena. Halafu 30, halafu 40. Mikono unaiweka kwenye usukani bila kuubana, ili gari ikitaka kuvuta upande uisikie. Ilivuta kushoto. Tukaipandisha jeki, tukarekebisha shuu za kulia mbele kwa bolti zilizo nyuma ya sahani, ikanyooka.

Ukishamaliza kusimama mara nyingi, shuka upitishe kiganja karibu na kila drum bila kuigusa. Joto lilingane kushoto na kulia. Drum moja ikiwa ya moto kuliko mwenzake, shuu inaburuza au wili silinda hairudi. Hicho ni kipimo cha bure na kinasema ukweli kuliko mashine nyingi. Hendibreki niliijaribu kwenye mteremko wa karibu na nyumbani, injini imezimwa, jiwe nyuma ya tairi kwa usalama.

Baba mdogo alikaa kiti cha abiria kwenye mzunguko ule wa vumbi. Hakusema neno mpaka gia ya pili, akanyoosha mkono akagusa ile fimbo ya gia na kuniambia, "Usiivute, ielekeze tu." Ana haki. Gia ya kwenye usukani ina viungo vingi njiani, ukitumia nguvu unavipindisha. Nilipolegeza mkono iliingia yenyewe.

MDAU, KIMARA

Mkuu, umetoka lini kwenye lami? Tunasubiri habari ya mlima.

MLETA UZI

Mlima tulikwenda Kisarawe. Toka Kinyerezi unaingia Barabara ya Nyerere, unapita Gongo la Mboto, Pugu, halafu unapanda vilima vya Pugu kuingia Kisarawe. Kwa kupima gari ya zamani sijui njia nzuri kuliko hiyo karibu na mji. Ina foleni mwanzo, ina mlima katikati, na kule juu kuna hewa na kivuli cha kupumzikia. Na ikiharibika, gari ya kukuvuta si mbali.

Tuliondoka mapema jua halijawa kali. Ndani ya gari: maji lita kadhaa, oili, mkanda wa feni, plagi, seti ya pointi, kondensa, waya, kizima moto. Gari ya pili nyuma yetu na dereva ameambiwa aangalie moshi na matone.

Sehemu ya tambarare niliiendesha kwa kubadilisha mwendo: 50, 60, nashusha, napandisha. Injini mpya haipendi mwendo mmoja muda mrefu na haipendi kubebeshwa mzigo kwa gia kubwa huku imechoka. Ringi zinakaa kwa kusukumwa kidogo, kisha kuachiwa. Kwenye kupanda Pugu niliweka gia ya tatu mapema, nikaiacha ipande bila kuikamua. Kitaa cha kijani kikawaka karibu na juu, feni ikashika, sindano ya joto ikatulia. Hapo nilipiga kelele peke yangu ndani ya gari, sioni aibu kusema.

Kisarawe tulisimama, tukafungua boneti. Matone ya oili kidogo kwenye mfuniko wa roka, gasketi yake ilihitaji kukazwa. Plagi nilizitoa zikiwa bado na joto: rangi ya kahawia nyepesi kwenye tatu, moja imekuwa nyeusi kidogo. Nyeusi na kavu maana yake petroli imezidi au moto ni hafifu. Waya wa plagi hiyo ulikuwa haujaingia vizuri kwenye kofia ya distribyuta. Tumebadilisha, safari zilizofuata zote nne zimelingana.

Kurudi ndipo lilipojitokeza jambo ambalo wenye kabureta wote wa Dar mnalijua. Tukafika kwenye foleni Gongo la Mboto jua limeshapanda, tukasimama muda mrefu, na ilipofika zamu ya kuondoka injini ikaanza kumisi, yaani kukatakata. Petroli ilikuwa inachemka kwenye bomba kabla ya kufika kwenye kabureta. Bomba la petroli lilipita karibu mno na egzosi. Tumelihamisha, tukalivalisha kitambaa cha kuzuia joto, na tukaweka kipande cha bati kati ya egzosi na pampu. Tangu hapo nimekaa nayo kwenye foleni za Buguruni saa nane mchana, vioo wazi, bila kumisi. Kwa mji huu mimi naona hicho ndicho cheti halisi cha gari, kuliko mwendo wa 120.

MDAU, MBAGALA

Vipi kuhusu petroli ya sasa? Kuna wanaosema haina risasi, itaua valvu.

MLETA UZI

Fundi, risasi kwenye petroli iliondolewa Afrika kusini mwa Sahara kufikia mwanzoni mwa 2006, kwa hiyo gari zote za zamani zinazotembea leo zinaishi bila hiyo. Hatari kubwa iko kwenye hedi za chuma ambazo viti vya valvu vimechongwa kwenye chuma chenyewe cha hedi. Hedi ya 404 ni ya aluminiamu, lazima iwe na viti vya kuingiza, na sisi tulipoifumua tuliweka vipya vigumu. Silali macho kwa hilo. Oili ndiyo ninayoiangalia zaidi: hii injini tapeti zake zinasugua kwenye kamshafti moja kwa moja, na oili za kisasa nyingi zimepunguziwa zinki. Tafuta ya madini yenye zinki ya kutosha, daraja la 20W-50 linatufaa kwa joto hili. Ya kwanza naimwaga mapema, nikifika kilomita 500, maana ndiyo inayobeba chembe zote za chuma kipya.

MDAU, TABATA

Na taa mkuu? Zile za zamani ni kama mshumaa.

MLETA UZI

Taa siyo mbaya, umeme ndio haufiki. Kwenye gari hizi umeme wote wa taa kubwa unapita kwenye swichi ya usukani na nyaya za miaka sitini, unafika mbele umechoka. Tumeweka rilei mbili karibu na betri, swichi sasa inaamrisha tu, umeme unakwenda moja kwa moja. Tofauti ni kubwa mno, balbu ni zile zile. Earth zote tumezikwangua mpaka chuma king'ae, zikafungwa na kupakwa grisi. Fyuzi za kiwandani ni chache, kwa hiyo waipa, honi na taa kila kimoja sasa kina fyuzi yake. Gari ya zamani ikiungua, mara nyingi chanzo ni waya.

Usiku nimejaribu Barabara ya Morogoro, Kimara kwenda Kibaha, zile njia nane. Kilomita 80 kwa saa, imetulia, difu kimya kabisa kama alivyosema mzee. Spidomita nimeilinganisha na simu: ikisema 80, simu inasema 74. Najua, naendesha kwa hesabu hiyo.

MDAU, TEMEKE

Karatasi je? Wengi tuna gari za wazee, kadi zina majina ya marehemu.

MLETA UZI

Hilo lianze kabla ya kununua hata bolti moja, mkuu. Kwangu ilikuwa rahisi kwa sababu mwenye jina yuko hai, tukafanya uhamisho TRA kwa kadi yake. Kama mwenye kadi ni marehemu, familia ipate msimamizi wa mirathi kwanza mahakamani, yeye ndiye anayesaini. Namba ya chasi iliyo kwenye bodi ifanane na ya kwenye kadi. Ukikata na kuchomelea bodi, sehemu yenye namba usiiguse kabisa. Bima nimekata ile ndogo kwa sasa. Ile kubwa nataka wakubaliane nami thamani kwa maandishi, maana ukiachia wapige hesabu ya uchakavu wa gari ya 1967 watakuambia ni sifuri.

MZEE, UKONGA

Umebakiza nini?

MLETA UZI

Mzee, kaunta ya kilomita inaruka, nadhani ni kebo. Mlango wa nyuma kushoto unahitaji kusukumwa mara mbili ufunge, bawaba itasogezwa. Waipa ya abiria inaacha mstari. Alaimenti nitarudia baada ya springi mpya za mbele kukaa. Bolti za hedi nitazigusa tena kwa kipimo nikimwaga oili ya kwanza, tapeti siku hiyo hiyo.

Baada ya hapo tunakwenda Morogoro, tunaondoka alfajiri, baba mdogo mbele. Wenye Pijo zinazotembea mkitaka kuungana nasi andikeni hapa chini tupange siku. Na mwenye kebo ya spidomita ya 404 usukani kulia, hata iliyokatika nifanyie kipimo, naomba anitafute inbox.